Kurt Semm

Kurt Semm (München, Ujerumani, 23 Machi 1927 – Tucson, Arizona, Marekani, 16 Julai 2003) alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na mvumbuzi wa vifaa vya tiba kutoka nchini Ujerumani. Anakumbukwa hasa kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwaka 1980 aliondoa kidole tumbo cha mgonjwa bila kulipasua tumbo kwa kisu kirefu, akitumia matundu madogo na darubini nyembamba. Anahesabiwa kuwa wa kwanza kufanya hivyo. La pili halitajwi sana, ingawa lina uzito uleule: alitengeneza sanduku la mazoezi, akaliita Pelvi-Trainer, ili daktari ajifunze kazi hiyo mezani kabla ya kugusa mwili wa mtu.

Maisha ya awali

Semm alizaliwa na kukulia München, mji mkuu wa Bavaria. Kijana wa rika lake alikuwa na umri wa miaka 18 tu Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika, na nchi yake ilikuwa magofu. Alikuwa na ufundi wa vyuma mkononi kabla ya kuwa daktari, na jambo hilo lilimfaa maisha yake yote. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian mjini humo, kisha akafanya kazi chini ya Profesa Richard Fikentscher katika kliniki ya wanawake.

Shughuli yake ya kwanza ilihusu ugumba. Pamoja na Fikentscher alitengeneza kifaa cha kupuliza gesi katika mirija ya uzazi ili kuchunguza kama imeziba. Ukoo wake ulikuwa na kampuni ya vifaa vya tiba iliyoitwa WISAP, hivyo wazo alilolipata hospitalini liliweza kufika karakana haraka na kurudi likiwa chombo. Wapinzani wake walikuja kulitumia hilo dhidi yake, wakimwona kama mfanyabiashara aliyevaa koti jeupe. Si haki kamili, maana vifaa vyenyewe vilifanya kazi.

Mwaka 1970 alihamia Kiel, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, akawa mkuu wa kliniki ya wanawake ya chuo kikuu. Alikaa hapo hadi alipostaafu mwaka 1995.

Kutazama tumbo bila kulifungua

Semm hakuwa wa kwanza kuingiza darubini tumboni. Mwaka 1901 Georg Kelling alionyesha mjini Hamburg jinsi ya kutazama ndani ya tumbo la mbwa baada ya kulijaza hewa. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alieleza kazi kama hiyo kwa binadamu. Baadaye Raoul Palmer wa Paris aliieneza miongoni mwa madaktari wa wanawake. Lakini kwa muda mrefu njia hii ilikuwa ya kutazama tu: daktari alichungulia, akatambua ugonjwa, kisha akachukua kisu na kupasua kama kawaida.

Semm alitaka kazi yenyewe ifanyike kupitia matundu hayohayo. Ili kutofautisha kazi yake na ile ya kuchungulia tu, aliipa jina la pelviskopia.

Vizuizi vilikuwa vitatu, na kila kimoja alikitafutia chombo.

Cha kwanza ni nafasi. Tumbo halina uwazi ndani, viungo vimelaliana. Hujazwa gesi ya dioksidi kabonia ili ukuta wa tumbo uinuke kama turubai la hema. Gesi ikiwa ndogo, daktari haoni. Ikizidi, inabana moyo na mapafu. Katika miaka ya 1960 Semm alitengeneza mashine iliyopuliza gesi yenyewe huku ikipima shinikizo na kujidhibiti. Mashine za kupuliza gesi zinazotumika hospitalini leo zinafuata kanuni hiyo.

Cha pili ni damu. Madaktari wa wakati huo walizuia damu kwa umeme wa masafa ya juu uliopita mwilini mwa mgonjwa. Mara nyingine umeme uliruka na kuunguza utumbo pasipo mtu kuona, na utumbo ukatoboka siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani. Semm alibuni koleo ambalo ncha yake ilipashwa moto hadi nyuzi joto 100 hivi, bila umeme kupita katika mwili.

Cha tatu ni kufunga mshipa. Mkono haufiki ndani, basi fundo lifungwe vipi? Alichukua kitanzi kilichotumiwa zamani na daktari mwenzake Mjerumani, Hans Roeder, katika kuondoa mafindofindo. Fundo hufungwa nje, kitanzi huingizwa tunduni, huvishwa kwenye shina la kile kinachokatwa, kisha hukazwa kwa kijiti. Baadaye Semm aliongeza njia za kushona na kufunga fundo kwa koleo mbili ndani ya tumbo.

Kidole tumbo cha mwaka 1980

Mnamo Septemba 1980, katika kliniki ya Kiel, Semm aliondoa kidole tumbo kizima kwa njia ya matundu madogo. Kwa msomaji wa leo hilo laweza kuonekana jambo dogo. Kwa wakati ule lilikuwa kosa mara mbili. Kwanza, kidole tumbo kilikuwa mali ya madaktari wapasuaji wa jumla, naye alikuwa daktari wa wanawake. Pili, wapasuaji walifundishwa kwamba mkato mkubwa ndio wa salama, kwa sababu mwenye mkato mkubwa anaona vizuri na mkono wake unafika.

Baada ya kutoa mhadhara juu ya jambo hilo, kiongozi wa chama cha wapasuaji wa Ujerumani alitaka asimamishwe kazi ya udaktari. Katika mkutano mmoja mashine ya kuonyeshea picha ilizimwa akiwa anaendelea kusema, kwa madai kwamba upasuaji usio na maadili haustahili kuonyeshwa. Ndani ya kliniki yake mwenyewe wenzake walitaka apigwe picha ya ubongo, wakishuku kwamba una hitilafu. Jarida la Marekani lilikataa makala yake kwa hoja ileile ya maadili. Hatimaye ilichapishwa mwaka 1983 katika jarida la Endoscopy.

Hoja ya wapinzani haikuwa ya kipuuzi, hata kama namna yao ya kuipigania haikuwa ya kiungwana. Waliuliza hivi: mshipa ukipasuka ndani, na daktari ana vijiti viwili na tundu la kuchungulia, mgonjwa atapona kwa bahati? Na mwanafunzi wa daktari huyo atajifunzia kwa nani? Swali la pili ndilo gumu zaidi, na Semm alilijibu kwa sanduku.

Daktari mmoja mpasuaji, Erich Mühe wa Böblingen, alifuata nyayo zake. Tarehe 12 Septemba 1985 aliondoa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo. Naye alipuuzwa na wenzake, hadi njia hiyo ilipoibuka Ufaransa na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuenea duniani katika muda wa miaka michache.

Sanduku la mazoezi

Pelvi-Trainer ilielezwa katika jarida la Kijerumani mwaka 1986. Ni sanduku lenye kifuniko cha plastiki angavu kilichotobolewa pale ambapo vifaa huingizwa katika mwili wa mtu. Ndani yake huwekwa kipande cha nyama au kiungo kilichokwisha kuondolewa. Mwanafunzi huanza kwa kutazama moja kwa moja kupitia plastiki huku akizoeza mikono. Mikono ikishazoea, kifuniko huzibwa, naye hulazimika kutazama kwa darubini peke yake.

Ngazi hizo mbili zinaonyesha kwamba Semm alikuwa mwalimu, maana alitenganisha ugumu wa mkono na ugumu wa jicho badala ya kumtwika mwanafunzi yote kwa pamoja.

Ugumu wa mkono ni huu. Kijiti kimeshikwa na ukuta wa tumbo mahali kinapopita, kwa hiyo mkono ukienda kushoto, ncha ndani huenda kulia. Mkono ukishuka, ncha hupanda. Nahodha wa mashua anaijua hali hiyo katika kana ya usukani: akiisukuma kushoto, chombo hugeuka kulia. Anayeshika kana kwa mara ya kwanza hukosea kila mara, na hakuna maelezo yatakayomsaidia. Humsaidia kurudia tu, mpaka mkono uache kuuliza. Tofauti ni kwamba mashua ikiyumba baharini hakuna anayevuja damu.

Ugumu wa jicho ni kwamba picha ya darubini haina kina. Daktari haoni kwa urahisi kipi kiko mbele na kipi nyuma, hukisia kwa vivuli na kwa kugusa. Zaidi ya hayo hisia ya vidole imepungua, kwa sababu anagusa kwa ncha ya chuma kirefu.

Katika shule ya Kiel, madaktari kutoka nchi nyingi walikuja kujifunza. Mpangilio uliohimizwa ulikuwa sanduku kwanza, kisha kusaidia katika upasuaji, kisha kufanya chini ya macho ya mwalimu. Liselotte Mettler, daktari mwenzake wa miaka mingi katika kliniki hiyo, aliendeleza mafunzo hayo.

Kamera na anayeishika

Kwa sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya Semm, mpasuaji aliweka jicho lake mwenyewe kwenye darubini. Yeye peke yake ndiye aliyeona. Msaidizi na muuguzi walisimama kama watu walio nje ya mlango. Katika miaka ya 1980 kamera ndogo za video ziliunganishwa na darubini na picha ikapelekwa katika runinga, chumba kizima kikaona. Mpasuaji akapata mikono miwili huru, lakini jicho lake sasa likawa mkononi mwa mtu mwingine, yaani anayeshika kamera.

Kwa desturi kazi hiyo hupewa daktari mdogo kuliko wote chumbani, wakati mwingine mwanafunzi. Hudhaniwa ni kazi nyepesi. Kumbe mshika kamera anapaswa kuweka mstari wa upeo ulale sawa, kuweka ncha ya chombo cha mpasuaji katikati ya picha, kusogea karibu kwa kazi ya kushona na kurudi nyuma chombo kipya kinapoingizwa, na kuhakikisha kioo hakipati ukungu wala kuguswa na mafuta ya tumbo. Darubini nyingi zina lenzi iliyoinamishwa kwa nyuzi 30, hivyo kuizungusha ni kuchungulia pembeni, nako ni kuzungusha darubini huku kamera yenyewe ikibaki wima. Anayekosea hapo hupindua dunia, na mpasuaji hukata asichokiona vizuri.

Sanduku au chumba cha upasuaji

Kabla ya hayo yote, upasuaji ulifunzwa kwa mgonjwa. William Halsted, aliyefanya kazi katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore tangu mwaka 1889, aliweka utaratibu ulioigwa duniani: daktari kijana hukaa miaka mingi kando ya bwana wake, akipewa majukumu kidogo kidogo. Utaratibu huo ulilea wapasuaji hodari. Ila unategemea mwalimu na mwanafunzi waone jeraha moja na mikono yao ifike mahali pamoja, ili mwalimu aweze kuushika mkono wa mwanafunzi. Katika upasuaji wa matundu madogo mkono wa mwalimu haufiki.

Yaliyotokea baada ya njia hii kuenea Marekani yalionyesha gharama ya kujifunza kwa pupa. Kati ya mwaka 1989 na 1992 wapasuaji wengi walihudhuria kozi za siku mbili tatu, wakarudi kwao na kuanza kuondoa vifuko vya nyongo. Mirija ya nyongo iliyokatwa kwa makosa iliongezeka, na mgonjwa aliyekatwa mrija huo huweza kuteseka maisha yake yote. Mwaka 1992 jimbo la New York lilitoa mwongozo kwamba daktari afanye kwanza idadi maalumu ya upasuaji chini ya usimamizi.

Baada ya masanduku zilikuja simuleta, yaani mashine za kompyuta zinazoigiza tumbo katika skrini. Kwa muda zilitazamwa kama michezo ya watoto. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 2002 ulibadilisha mawazo ya wengi. Madaktari 16 waliokuwa masomoni waligawanywa kwa kura, nusu wakafunzwa kwa simuleta, kisha wote wakapimwa katika upasuaji wa kweli wa kifuko cha nyongo. Waliofunzwa kwa simuleta walifanya kazi haraka zaidi kwa asilimia 29. Wasiofunzwa walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kujeruhi kifuko au kuunguza sehemu isiyohusika.

Kuhusu kamera peke yake, utafiti uliofanyika Zürich, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2012 ulilinganisha wanafunzi 24 wa udaktari wasio na uzoefu. Kundi moja lilijifunza kushika kamera kwa simuleta, jingine ndani ya chumba cha upasuaji. Makundi yote mawili yaliendelea vizuri, lakini la simuleta lilitumia muda mfupi zaidi. Sababu inaeleweka. Aliye katika chumba cha upasuaji husimama saa nzima akishikilia picha moja isiyosogea wakati mpasuaji anashona. Aliye kwenye simuleta hufanya zoezi tupu bila kungoja.

Hata hivyo sanduku halitoi damu, halina mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu linashuka, wala halimfundishi daktari kutambua saa ya kuacha vijiti na kupasua tumbo kwa mkato mkubwa ili kuokoa maisha. Mambo hayo bado yana mwalimu mmoja tu, nao ni upasuaji wenyewe. Mtu anayedai kwamba simuleta imeondoa haja ya chumba cha upasuaji hajamsoma Semm vizuri.

Nchini Marekani mtihani wa msingi wa upasuaji wa matundu madogo, unaofanyiwa katika sanduku, uliwekwa kuwa sharti kwa wapasuaji wanaomaliza masomo tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Una mazoezi matano. Mojawapo ni kuvisha kitanzi na kukikaza mahali palipowekwa alama, kazi ileile ambayo Semm aliileta Kiel.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki upasuaji wa matundu madogo umeingia polepole. Darubini, kamera na mashine ya gesi ni ghali, gesi yenyewe lazima ifike, na umeme usikatike. Lakini hata penye vifaa, tatizo la Semm linabaki palepale: nani atafundishwa, na kwa nani. Hospitali yenye mashine moja na siku chache za upasuaji kwa wiki haiwezi kumpa kila daktari mwanafunzi nafasi ya kushika kamera mara za kutosha. Kwa sababu hiyo sanduku, ambalo katika nchi tajiri ni nyongeza, huku laweza kuwa darasa lenyewe.

Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, wapasuaji na madaktari waliokuwa masomoni walijaribu sanduku la bei nafuu wakifuata mazoezi ya mtihani wa Marekani. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba ustadi wa mikono yao uliongezeka. Nchini Botswana madaktari walifundishwa na walimu waliokuwa Kanada, kila upande ukiwa na sanduku lake na kuonana kwa intaneti. Ripoti yake ilitoka mwaka 2010. Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, huwafunza wapasuaji ndani ya hospitali za nchi zao wenyewe, na mafunzo ya aina hiyo hayamlazimu daktari kuondoka kwenda Kiel wala kwingineko.

Visiwani Zanzibar, madaktari kutoka jimbo la Jiangsu, China, wamekuwa wakija kwa zamu tangu mwaka 1964, na wengi wao wamefanya kazi kisiwani Pemba katika Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Hospitali hiyo ndiyo iliyo karibu na watu wa Kisiwa Panza, kisiwa kidogo kilicho kusini mwa Pemba katika wilaya hiyohiyo. Mgonjwa wa huko huvuka kwa chombo kwanza, kisha hufuata barabara. Kwa mvuvi au mkulima wa mwani, mkato wa tumbo maana yake ni wiki kadhaa bila kuvuta jarife, kusukuma mashua au kubeba mzigo uliolowa, na jeraha kubwa huhitaji kusafishwa, jambo linalomrudisha katika kivuko tena na tena. Tundu la sentimita moja hupona mapema zaidi. Lakini faida hiyo humfikia tu ikiwa aliyeshika vijiti na aliyeshika kamera wameshamaliza makosa yao ya mwanzo mahali pengine.

Miaka ya mwisho

Semm aliendelea kuvumbua hadi karibu na kustaafu. Mwaka 1991 alieleza njia yake ya kuondoa mfuko wa uzazi kwa matundu madogo, njia inayoacha tabaka la nje la shingo ya uzazi pamoja na mishipa na kano zinazoshikilia nyonga. Katika miaka hiyo wapasuaji wa jumla, waliotaka anyang'anywe leseni, walikuwa wakiondoa vidole tumbo kwa njia yake katika hospitali za Ujerumani.

Baada ya kustaafu alihamia Marekani na kuishi Tucson, katika jimbo la Arizona, alikofariki tarehe 16 Julai 2003 akiwa na umri wa miaka 76. Jina Pelvi-Trainer limeendelea kutumiwa na wapasuaji wengi kwa sanduku lolote la mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo, hata lile lililotengenezwa kwa boksi la karatasi na kamera ya simu.